Ufunguo wa Stoo

Mimi ndiye dawati la malalamiko,
ofisi ya maji, chini, upande wa Langoni.
Bango linasema saa mbili hadi saa kumi.
Bango halijui mji huu.

Kwani Lamu ina njia ngapi?
Nikitoka kazini naingia Usita wa Mui,
mabega hupishana kwa kuombana radhi
na kila ninayepishana naye ana bili mfukoni.
Muuza mbatata ananipimia huku amenuna:
"Mwanatumu, mai yatakuya lini?"
Juzi, kwenye hina ya binti wa Bi Thureya,
mpaka hina alinishika kiganja, akachora ua,
akafika kwenye kifundo, akasita:
"Na mita yangu je, inayozunguka kwa upepo?"
Wiki nzima nikatembea na nusu ua.

Sina bomba kifuani.
Visima si vyangu, pampu si yangu,
ile barua ya kupandisha bei sikuiandika,
ila muhuri niliupiga mimi, mara mia tatu na kumi na nne,
na mkono una kumbukumbu yake.
Usiku unagonga godoro: ta. Ta. Ta.
Mume wangu anazinduka, anauliza nani anabisha.

Dawa nimejaribu.
Niliambiwa nihesabu hadi kumi kabla ya kujibu;
Bwana Kupi alihesabu nami, kwa sauti, akanipita.
Nikaweka asumini kwenye droo;
zikanyauka juu ya faili la madeni
na faili likanukia kama bibi harusi.
Nikajifunza tabasamu la kuvaa,
nikasahau kulivua, nikaenda nalo hitimani.

Ikaja Jumatatu moja, mabomba makavu siku ya tisa.
Foleni ilitoka mlangoni, punda wakakosa pa kupita.
Mwanamke mmoja akaniwekea ndoo tupu juu ya daftari.
Hakusema kitu. Akaondoka. Ndoo akaiacha.
Matusi nimeyazoea. Ile ndoo, hapana.
Nikainuka, nikasema nafuata fomu.

Stoo ya mita mbovu iko nyuma, karibu na choo.
Nilikwenda kulia; nitasema nini kingine?
Nikasukuma mlango,
na juu ya kreti, kati ya mita zilizokufa
kila moja na tarakimu yake ya mwisho usoni,
ameketi Mhandisi Lali Famau, mkuu wetu,
yule anayetuma ujumbe saa tano za usiku
wenye neno moja: RIPOTI?
Kiatu kimoja amevua. Simu ameilaza kifudifudi.
Macho mekundu kama ya aliyemenya vitunguu vya pilau ya harusi.

Tukatazamana.
Hakuniuliza fomu. Sikumuuliza ripoti.
Akasogea kidogo kwenye kreti.
Mkobani nilikuwa na kaimati mbili za asubuhi, zimegandana;
tukazibandua.
Mdomo ukijaa haulazimiki kueleza.

Hatukuwa marafiki. Kesho yake alinigombeza
kwa kuchelewesha orodha.
Lakini msumari ulipigwa ukutani, kimo cha jicho,
ufunguo ukatundikwa kwa uzi wa buluu,
na waraka haukuandikwa.
Dakika kumi. Mmoja mmoja. Huulizwi kitu.
Shekuwe wa hesabu huenda kusinzia.
Saumu wa mapokezi huimba, nasi hujifanya hatusikii.
Mimi hulivua lile tabasamu, hulilaza juu ya mita,
huvuta pumzi mpaka kwenye mbavu za mwisho.
Siku nyingine hulisahau humo humo,
na watu huhudumiwa na uso wangu mwenyewe.
Hakuna aliyekufa.

Maji bado ni ya zamu. Bei haikushuka.
Ndoo ile mwenyewe hajaifuata;
nimeitega chini ya kiyoyozi kinachovuja
na ikijaa naumwagia mkilua wa jirani.

Leo asubuhi nimetazama ukutani: msumari mtupu.
Foleni mbele ya mlango wa mhandisi imeanza kunung'unika.
Nimevuta kiti.
"Karibuni upande huu," nimesema. "Yeye yuaja."